Kabla ukuta haujafunikwa: kuepuka na kumaliza ugomvi na mkandarasi wa besimenti

Sikiliza upande wa mwenye nyumba, kisha sikiliza upande wa mkandarasi, na mara nyingi utakuta wote wawili wanasema kweli. Mmoja anasema maji yanaingia. Mwingine anasema alifanya alichoambiwa. Kilichoambiwa hakikuandikwa, na kilichofanywa sasa kipo nyuma ya bodi ya jipsamu iliyopakwa rangi mikono miwili, hivyo hakuna anayeweza kuthibitisha chochote bila kubomoa.

Ndiyo maana ugomvi wa besimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi, ni mgumu kuliko wa jikoni au paa. Jikoni, kabati likikaa upande unaliona. Huku chini, sehemu kubwa ya pesa yako inaishia chini ya sakafu na nyuma ya kuta. Kama ndiyo mara yako ya kwanza kukarabati, weka akili yako kwenye siku zile chache kabla vitu havijafunikwa. Rangi na vigae vinaweza kusubiri.

Anza na maji, tena kabla hujamwita mkandarasi yeyote. Kata kipande cha nailoni nzito, sentimita 45 kwa 45, kibandike sakafuni kwa tepu pande zote nne bila kuacha upenyo, ukiache kwa saa 16 au zaidi. Ukikifunua ukakuta matone kwa ndani au zege limebadilika rangi, unyevu unapanda kutoka ardhini. Ukutani fanya hivyo hivyo kwa karatasi ya alumini ya jikoni, siku moja au mbili. Ikiloa upande wa ukuta, maji yanapenya kutoka nje. Ikiloa upande wa chumba, ni mvuke wa hewa unaogeuka matone kwenye ukuta wa baridi, na dawa yake ni hewa na joto, si saruji. Tofauti hiyo ni ya pesa nyingi. Wapo wanaolipia kuzuia maji ukuta mzima wakati walichohitaji ni feni na madirisha yanayofunguka. Wapo pia wanaopaka rangi ya kuzuia unyevu juu ya ukuta unaosukumwa na maji, na baada ya mvua kadhaa rangi inabanduka kama ganda. Haishangazi: maji yaliyosimama nje kwa kina cha mita 1 yanasukuma sehemu ya chini ya ukuta kwa nguvu ya karibu tani 1 kwa kila mita ya mraba. Rangi haina ubavu huo.

Piga picha za majaribio hayo, za nyufa (weka rula kando ya ufa), na za chumvi nyeupe ukutani. Mkandarasi atie sahihi kwamba ameziona. Baadaye akisema ufa huo haukuwepo, au wewe ukimlaumu kwa ufa wa miaka kumi, picha zitaamua.

Kisha mkataba. Mstari unaosema "kuzuia maji besimenti yote, jumla kiasi fulani" ni mwaliko wa ugomvi. Mstari unaofaa unataja uso unaopakwa, maandalizi yake, bidhaa kwa jina, mikono mingapi, na jaribio la kuthibitisha. Maandalizi ndiyo yanayorukwa sana. Mchanganyiko wa saruji wa kuzuia maji lazima ushike zege au tofali lenyewe, kwa hiyo rangi ya zamani ikwanguliwe yote na ukuta ulowanishwe kwanza. Ukipakwa juu ya rangi, utashika rangi, na siku rangi ikibanduka vinaondoka pamoja. Pale ukuta unapokutana na sakafu, ambapo maji hupenda kupita, andika kwamba kona itazibwa kwanza kwa mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga) iliyolazwa mviringo.

Sasa hesabu. Tuseme besimenti ina urefu wa mita 8 na upana wa mita 5, na kimo ni mita 2.3. Mzunguko wa kuta ni mita 26, kwa hiyo eneo ni mita za mraba 59.8. Toa mlango mmoja wa 0.9 kwa 2.1 na madirisha mawili ya 1.2 kwa 0.6, inabaki kama 56.5. Ankara ikija na mita za mraba 70, muulize amepima nini. Pengine hakutoa mlango na madirisha, jambo ambalo baadhi ya mafundi hulifanya kwa nia njema kwa sababu kingo za dirisha nazo zina kazi. Lakini hata ukuta mzima haufiki 70. Utaratibu wa kupima uandikwe mapema, na siku ya kupima mshike futi pamoja, mmoja huku, mwingine kule.

Hesabu hiyo hiyo inakupa njia rahisi ya kukagua kazi bila kumsimamia mtu kichwani. Soma nyuma ya mfuko wa dawa ya kuzuia maji. Tuseme umeandikwa kilo 1.5 kwa mita ya mraba kwa kila mkono. Mikono miwili ni kilo 3, mara 56.5 ni karibu kilo 170, yaani mifuko 7 ya kilo 25. Mwambie mkandarasi asitupe mifuko mitupu mpaka muihesabu pamoja. Ikiwa mitupu ni mitatu, ama amepaka mkono mmoja, ama amezidisha maji kwenye ndoo. Hakuna haja ya kelele. Mwonyeshe mifuko, mwonyeshe maandishi, na omba mkono wa pili kabla ya kulipa.

Kifusi nacho kinagombanisha watu kuliko wanavyotarajia. Sakafu ya mita za mraba 40 yenye unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 4 za zege, lakini likivunjwa hutuna na kufika kama 6, na yote hayo yanapanda ngazi kwa ndoo. Andika nani anakitoa, kinapelekwa wapi, na nani analipa gari.

Malipo yafuate kazi inayoonekana, si tarehe za kalenda. Mgawanyo unaofaa kwa kazi ya kawaida ni asilimia 10 ya advansi. 15 baada ya kubomoa na kifusi kuondoka. 25 baada ya mifereji, pampu ya kutolea maji na kuzuia maji kujaribiwa. 20 baada ya nyaya na mabomba kukaguliwa kuta zikiwa bado wazi. 20 baada ya umaliziaji. Asilimia 10 ya mwisho ibaki mkononi mwako: nusu ilipwe orodha ya kasoro ikimalizika, nusu baada ya msimu mmoja wa mvua. Mkandarasi akidai nusu ya pesa yote kabla ya kushusha hata nyundo, jua kwamba huenda anamalizia kazi ya mtu mwingine kwa pesa yako. Vifaa ghali kama pampu unaweza kumlipa mwuzaji moja kwa moja, risiti ikawa na jina lako. Na kila unapolipa awamu, mwombe karatasi ya vibarua na wauza vifaa kwamba wamelipwa. Katika nchi kadhaa, mwuzaji asiyelipwa anaruhusiwa na sheria kuweka dai juu ya nyumba yenyewe, hata kama wewe ulishamlipa mkandarasi.

Kazi ya ziada haiepukiki, kwa sababu hakuna anayeona kilicho chini ya sakafu mpaka ivunjwe. Ila neno "tutaelewana" lisikubalike saiti. Weka daftari la nakala mbili, na kila nyongeza iandikwe kabla ya kufanywa, hivi: "Nyongeza namba 3. Kuondoa bomba la chuma lililooza chini ya sakafu, mita 4, na kuweka la plastiki la milimita 110. Bei ya vifaa na kazi. Siku zinazoongezeka: 2." Chini yake sahihi mbili na tarehe. Ujumbe wa simu wenye jibu "nimekubali" ni bora kuliko kutokuwa na kitu. Vitu ambavyo huwa vinafichuka, kama bomba, zege nene kuliko ilivyodhaniwa au udongo laini, viwekewe bei ya kipimo kwenye mkataba tangu mwanzo. Hapo mtabishana juu ya mita ngapi tu, na mita zinapimika.

Kuna jambo moja ambalo hapo hapo unasimamisha kazi bila kuona haya. Ukiona sakafu inachimbwa kushushwa chini ya msingi ili kuongeza kimo, na mtaro umefunguliwa kwa urefu wote wa ukuta, toa watu humo na umwite mhandisi. Kazi hiyo hufanywa kwa vipande vya kama mita 1, kimoja kinachimbwa na kumwagwa zege na kukomaa kabla kipande cha jirani hakijaguswa. Hapa hakuna majadiliano ya bei wala ratiba.

Siku moja kabla ya kufunika, shuka na tochi, futi na simu. Mwaga ndoo kadhaa kwenye mfereji wa pembeni uone kama maji yanafika kwenye shimo la pampu. Pampu iwake yenyewe boya lake likipanda, na ikizima, sikiliza: maji yaliyo ndani ya bomba yakirudi shimoni kwa kishindo, vali ya kuzuia kurudi haipo au imewekwa kinyume. Mabomba ya maji taka yazibwe, yajazwe maji, na kimo cha maji kisishuke. Mteremko wa mabomba madogo uwe kama sentimita 2 kwa kila mita. Piga picha kila ukuta futi ikiwa imeegemezwa, ili baadaye ujue waya umepita wapi kabla ya kutoboa. Bodi zikianza kupigwa, ziachwe juu ya sakafu kama sentimita 1, la sivyo zitanyonya maji ya kwanza yatakayomwagika na fangasi watafuata. Mkaguzi wa serikali za mitaa kama anahitajika, aje siku hii. Kibali cha ujenzi kiwe kwa jina lako, la sivyo mkigombana mkandarasi anaweza kuondoka nacho.

Ikitokea kasoro hata hivyo, acha simu za hasira usiku. Andika barua fupi: kasoro ipo wapi, picha namba ngapi, kifungu gani cha mkataba kimevunjwa, unataka nini kifanyike, na siku 10 za kurekebisha. Barua yenye kasoro tano zilizopimwa inajibiwa, ile inayosema "kazi yote ni mbovu" hupuuzwa. Usizuie pesa yote. Zuia kiasi kinachotosha kurekebisha kasoro hizo, ueleze ulivyokipata, na lipa kisicho na ubishi. Ukizuia kila kitu kwa ajili ya kona moja inayovuja, unampa sababu ya kuondoka saiti na kudai kuwa wewe ndiye uliyevunja mkataba.

Mkibishana kuhusu chanzo cha maji, mhandisi asiye upande wa yeyote akodiwe, gharama mgawane nusu kwa nusu, na mkubaliane mapema kwamba atakachosema mtakifuata. Mara nyingi anafungua tundu moja tu la sentimita 30 chini ya bodi, na jibu linapatikana asubuhi hiyo hiyo. Hilo likishindikana ndipo usuluhishi, kisha mahakama ya madai madogo kama kiasi kinaingia humo. Kote huko utaulizwa daftari, picha na barua kwa tarehe zake.

Na mkifikia kuachana, muachane kwa maandishi: kazi iliyokamilika ipimwe mbele ya shahidi, vifaa vilivyobaki vihesabiwe, funguo na karatasi za dhamana ya pampu zirudi. Mkandarasi mpya atakapoingia, karibu kila kitu alichokuta atakiita uchafu na atataka kukibomoa siku ya kwanza. Asiguse ukuta mpaka umemaliza kupiga picha, kwa maana akishaubomoa, hakuna tena wa kumdai.