Maji Kwanza, Rangi Baadaye: Majibu kwa Wanaokarabati Nyumba Kuukuu

Nimenunua nyumba ya zamani. Ukuta wa sebule unabanduka rangi kuanzia chini mpaka kama nusu mita. Nipake rangi gani ambayo haitabanduka?

Hakuna. Nimelijibu swali hili mara nyingi, na bado kila wiki linarudi likiwa limebadilishwa jina la chumba tu. Tatizo lako ni maji, ndugu yangu. Rangi inabanduka kwa sababu ukuta nyuma yake umelowa.

Maji yaliyo ardhini hupanda ndani ya tofali kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Njiani huyeyusha chumvi, na yakifika usoni pa ukuta yanakauka na kuiacha pale. Ule unga mweupe unaoufuta kwa kitambaa ndio chumvi yenyewe. Ukipaka rangi juu yake, chumvi itaisukuma. Ukipaka rangi ya plastiki isiyopitisha maji, unyevu utatafuta pa kutokea na utapanda juu zaidi.

Toka nje, simama upande wa pili wa ukuta huohuo, utazame chini. Nyumba kuukuu nyingi zimepandiwa na udongo: mtu alitengeneza bustani, mwingine akamwaga zege la njia, mpaka nje pakawa juu kuliko sakafu ya ndani. Ardhi ya nje inatakiwa iwe walau sentimita 15 chini ya lile tabaka la kuzuia unyevu lililo juu ya msingi. Chimba uishushe, uipe mteremko wa kupeleka maji mbali na nyumba. Tazama na gata: likivuja sehemu hiyohiyo, umeshampata mwizi.

Halafu bandua plasta mpaka sentimita 30 juu ya alama ya unyevu, uache ukuta wazi. Mafundi wana kipimo cha kukadiria: mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Ukuta wa sentimita 23 unaweza kuchukua miezi tisa kukauka sawasawa. Najua unataka kuhamia mapema, lakini ukuta haujali ratiba yako. Na kama ulijengwa kwa chokaa, urudishie plasta ya chokaa. Nyumba yangu ya kwanza niliipiga saruji ngumu juu ya chokaa nikidhani naiimarisha. Baada ya mvua mbili unyevu ulikuwa umefika usawa wa kifua, na plasta nzima ikawa inatoa sauti ya kitu kitupu kila nilipoigonga. Niliibandua yote kwa tindo, kwa mkono wangu, jioni baada ya jioni.

Je, naweza kununua kwanza, halafu ndiyo niite fundi akague?

Hapana.

Muuzaji amenipa nusu saa ya kuitazama nyumba. Niangalie nini?

Kwanza, kataa nusu saa. Asiyetaka ukae ndani ya nyumba yake ana sababu. Omba kurudi mara ya pili, na kama mvua inanyesha, acha shughuli zako uende siku hiyo.

Beba tochi, bisibisi na gololi. Gololi iweke katikati ya kila chumba uone inakimbilia wapi; ikielekea ukuta uleule katika vyumba viwili vinavyofuatana, upande huo wa nyumba huenda umekaa chini. Kisha panda darini. Hapo ndipo nyumba isipojua kusema uongo. Zima tochi kwanza: mwanga unaopenya ni tundu la paa. Iwashe, utambae mpaka pale mbao za kenchi zinapokalia ukuta, kwa sababu ndipo maji hujikusanya. Chomeka bisibisi kwenye mbao. Mbao nzima hukataa. Ncha huingia kidogo sana na unasikia ugumu mkononi. Iliyooza au kuliwa na mchwa hupokea chuma kama mkate, na ukikichomoa kinatoka na unga. Angalia pia vichuguu vyembamba vya udongo vinavyopanda ukutani. Huo ni mchwa njiani kwenda kazini.

Jambo moja hukuuliza nami nakuambia: chumba kimoja kikiwa na rangi mpya na vingine vina rangi ya miaka, uliza kilifichwa nini pale.

Kuna ufa unaotoka kona ya mlango kwenda juu kwa mshazari. Nimeuziba mara mbili, unarudi. Niuzibe na nini?

Acha kuuziba. Unafuta ushahidi.

Ufa mwembamba kama unywele ndani ya plasta mara nyingi ni plasta tu iliyokauka haraka. Wa mshazari unaorudi unasema kitu kinasogea. Kata kipande chembamba cha kioo, kigundishe kukatiza ufa huku na huku, andika tarehe pembeni kwa penseli. Subiri kipite kipindi cha mvua na cha kiangazi. Kioo kikibaki kizima, nyumba ilishatulia zamani na unaweza kuziba kwa amani. Kikipasuka, tafuta chanzo: bomba la maji machafu linalovuja chini ya msingi, mti mkubwa ulio karibu, au paa linalomwaga maji kona moja. Ufa unaozidi milimita tano, au milango iliyoanza kukwama, haungojei kioo. Ita mhandisi.

Fyuzi inakatika kila tukiwasha pasi. Jirani ameniwekea waya mnene na sasa haikatiki. Je, ni salama?

Uondoe leo, kabla hujamaliza kusoma safu hii. Fyuzi imetengenezwa iungue yenyewe ili nyaya zilizo ukutani zisiungue. Sasa kitakachoungua ni nyaya, na zimelala juu ya dari ya mbao ambayo watoto wako wanalala chini yake. Nyumba kuukuu inahitaji fundi umeme mwenye leseni akague nyaya zote, aweke erthi (waya wa kupeleka umeme ardhini) na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Kupaka rangi jifunze kwa kukosea. Umeme usijifunze hivyo.

Paa langu ni la asbesto na limeota ukungu. Nataka kulisugua kwa brashi ya waya kisha nilipake rangi ling'ae.

Nakuomba usifanye. Asbesto iliyotulia, isiyovunjika, haina madhara makubwa. Ukiisugua, kuikata, kuitoboa au kuipiga maji ya msukumo, unaachia nyuzi ndogo ambazo jicho halizioni. Zinaingia mapafuni na hazitoki. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani, na ugonjwa huchukua miaka 20 hadi 40 kujitokeza. Ndiyo maana mtu anakuambia alisugua la kwake na hana neno. Kuliondoa ni kazi ya watu wenye mafunzo na vifaa.

Na kwa kuwa tuko kwenye vumbi: rangi za zamani kwenye milango na madirisha mara nyingi zina madini ya risasi. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na nchi nyingine nyingi zilichelewa zaidi. Usizipige msasa mkavu. Lowesha, kwangua, kusanya magamba yote, na watoto wasiwepo kabisa. Risasi huharibu ubongo unaokua, na kilichoharibika hakirudi.

Nataka kutoa ukuta kati ya jiko na sebule. Fundi ameugonga akasema haubebi kitu.

Kugonga hakuthibitishi lolote. Panda juu uone kilichoukalia.

Nafanya kila kitu mwenyewe. Nianze chumba kipi?

Usianze na chumba, dada yangu. Anza na paa na gata, kisha mifereji ya nje, kisha nyufa na mbao zilizooza, kisha nyaya na mabomba. Plasta inafuata, halafu sakafu, rangi mwisho. Anayeanza na jiko zuri atalivunja tena kupitisha bomba.

Mwenyewe unaweza kubandua plasta, kuweka vigae, kurekebisha milango, kupaka rangi. Juu ya paa usipande peke yako hata siku moja. Ngazi yako, kila mita nne za kwenda juu, mguu wake ukae mita moja kutoka ukutani, na awepo mtu chini. Weka pia kando sehemu ya tano ya bajeti yako usiiguse, kwa sababu ukuta wa kwanza kufunguliwa utaidai.

Sakafu ya bafu ina unyevu, na baada ya siku mbili fundi anakuja kunimwagia zege jipya. Itatosha?

Ahirisha. Usiku wa leo funga koki zote, zima kila kinachotumia maji, uandike namba za mita ya maji. Rudi baada ya saa moja uzisome tena. Zikiwa zimesogea, kuna bomba linalovuja, huenda chini ya sakafu hiyo, na ni nafuu kulifuata sasa ikiwa bado ni zege la zamani.