Laptopu inayoganda ukiifunika

Mdogo wangu, unasema laptopu yako ya Linux inaganda kila ukiifunika tangu uweke draiva uliyoiandika mwenyewe, na fundi wa hapo Malindi mjini kakwambia ununue betri. Hela yako iweke kwanza.

Linux ikienda kulala kwa njia ya suspend-to-RAM (kazi zikibaki kwenye RAM) huzima viini vyote vya prosesa, ikabakiza kimoja tu. Hifadhi kazi zako, kisha ukiwa root (mtumiaji mwenye mamlaka yote) andika 0 kwenye /sys/devices/system/cpu/cpu1/online kukizima kiini hicho, halafu 1 kukiwasha. Endelea na cpu2, cpu3, hadi cha mwisho, cpu0 iache. Ikiganda hapo, betri haihusiki kabisa.

Sasa fungua draiva yako. Kagua fanksheni uliyoisajili kwa cpuhp_setup_state(), ile ambayo kerneli (kiini cha Linux yenyewe) huiita kiini cha prosesa kinapozimwa au kuwashwa: je, ndani yake unaita cpus_read_lock(), inayoomba kushika kufuli ya viini kwa kusoma? Anayezima kiini tayari ameishika kufuli hiyo kwa kuandika, na anaisubiri fanksheni yako imalize. Nayo inamsubiri yeye aachie. Hakuna atakayesogea. Ondoa mwito huo, maana ndani ya fanksheni hiyo ulinzi upo tayari.

Usipouona, nakusihi ujenge kerneli upya ukiwasha CONFIG_PROVE_LOCKING (inayokagua jinsi kufuli zinavyoshikwa), urudie jaribio, kisha unitumie onyo litakalotokea kwenye dmesg (kumbukumbu za ujumbe wa kerneli), lote, usilikate.