Maswali ya Dracula tena: mwacheni Mina na akili zake

Swali: Kaka, Dracula akipigwa na jua si anakufa?

Hafi. Kwenye kitabu cha Dracula cha Bram Stoker, huyo mnyonya damu anakatiza mitaa ya London mchana, nguvu zake tu ndo zinapungua. Jua kuua limetoka kwenye Nosferatu, filamu ya Kijerumani ya 1922. Hili nimeshalijibu mno, pitieni majibu ya nyuma kwanza jamani.

Swali: Ile kola iliyosimama kwenye joho lake, Bram Stoker ndo alimvisha?

Hapana, hiyo ya jukwaani, tamthilia ya Hamilton Deane ya 1924. Muigizaji akiwapa watu mgongo kola inaficha kichwa, anapata upenyo wa kutoweka. Baadae muigizaji Bela Lugosi akaivaa kwenye sinema ya 1931, na hadi leo katuni zote zinamvalisha hivyo hivyo.

Swali: Naomba ufafanue mapenzi ya Dracula na Mina, maana nasikia ni mkewe wa zamani kazaliwa upya.

Kitabuni Mina ni mke wa Jonathan Harker, na hayo mapenzi hayapo! Yameletwa na sinema, hasa ile ya mwongozaji Coppola ya 1992, na hapa ndo huwa naumia. Stoker kaandika ukatili mtupu, mume kalala hajitambui pembeni, Dracula kamshika Mina shingo kwa nyuma anamlazimisha kunywa damu kifuani kwake, sasa hapo mapenzi yako wapi? Halafu Mina ndo kichwa cha kundi zima linalomwinda Dracula. Anajua hati mkato, ratiba za treni kazikariri, anachukua shajara za kila mtu na simu za maandishi na habari za magazeti anazipiga taipureta kwa mpangilio wa tarehe, tena nakala zaidi ya moja, ndo maana Dracula alipochoma karatasi zao nyingine ilikuwa salama kwenye sefu. Wanaume walipomtenga kwenye vikao vyao eti wanamlinda, ndipo Dracula akampata. Na mwisho yeye ndo aliyepiga hesabu kwamba jamaa anarudi kwao kwa mto Sereth. Mwanamke wa hivyo unamgeuza wa kulia lia tu kwenye skrini, huo ni wizi.

Swali: Van Helsing ni yule wa Hugh Jackman?

Hapana. Huyo ni wa sinema. Wa kitabuni ni profesa mtu mzima wa Amsterdam, anayeongoza kumwinda Dracula.

Swali: Nianze na muvi gani ili nikielewe kitabu?

Anza na kitabu chenyewe. Kimetoka 1897, hakimiliki iliisha zamani, unakipata bure Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, kihalali kabisa, kwa hiyo msiwape hela wanaouza PDF. Na hesabu sura kabla hujaanza, zikiwa pungufu ya 27 ujue umepewa kilichokatwa.