Muulize Fundi: Krosi mpya inakufa tena na tena

*Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Kasulu, nina Hilux dabo kebini niliyoinunua mkononi mwaka juzi. Naleta maharage Kigoma mjini, narudi na dagaa. Ilianza kugonga "kong" nikiingiza gia, fundi wa huku akasema krosi ya nyuma (kile kiungo chenye umbo la msalaba) imekwisha, akashusha propela yote (lile bomba la chuma linalopeleka mzunguko kutoka gia boksi hadi ekseli ya nyuma) akabadilisha. Mlio uliisha siku hiyohiyo, ila gari likaanza kutetemeka likifika sitini, hadi chupa ya maji inatembea yenyewe kwenye dashibodi. Ile krosi haikumaliza msimu. Nikaweka nyingine, nayo vilevile. Juzi nikiwa na mzigo propela ikachomoka upande wa difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma) ikaburuta lami. Bahati nzuri nilikuwa napanda kilima polepole. Sasa fundi anasema spea za siku hizi ni feki, ninunue propela nzima ya mtumba. Nifuate ushauri wake?*
Msomaji, Kasulu

Marahaba kijana wangu, na pole sana. Mshukuru Mungu kwa mambo mawili: ulikuwa mwendo mdogo, na iliyochomoka ni ncha ya nyuma. Propela ikiachia mbele gari likiwa kwenye kasi, ncha inachimba barabara na inaweza kulinyanyua gari lote. Ya nyuma huburuta, ingawa nayo ikipiga bomba la breki au tanki la mafuta ni balaa jingine. Kwa hiyo kabla hujaongea habari ya propela, ingia chini ukague mabomba yote yaliyo karibu nayo. Ukiona palipobonyea au panapotoka unyevu, panda gari la mtu mwingine mpaka parekebishwe.

Sasa tuje kwenye swali. Usinunue propela bado. Spea feki zipo, hilo fundi wako hakudanganya. Lakini barua yako inasema mtetemo ulianza siku ileile krosi ilipobadilishwa. Krosi feki inakufa mapema, lakini siku ya kwanza huwa kimya, maana bado imekaza. Gari likitoka gereji na mtetemo ambao halikuingia nao, mimi naangalia kwanza lilivyofungwa.

Nikueleze kinachotokea humo chini, maana ukikielewa hutadanganywa tena. Gia boksi na difu havikai kwenye usawa mmoja, kwa hiyo propela inafanya kazi imelala kidogo. Krosi inayozunguka ikiwa imepinda haizungushi kwa mwendo mmoja. Katika kila mzunguko inaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Mbele kuna krosi inayoleta huko kuyumba, nyuma kuna krosi ya kufuta kuyumba huko, na gari linakwenda kimya. Ila kufutana huko kuna sharti: yoki za ncha zote mbili za bomba, yaani yale mabano yenye masikio mawili yanayoshika krosi, lazima zitazame upande mmoja.

Na hapo ndipo mafundi wengi wanapoteleza. Propela ina sehemu ya spleni, yale meno yanayoingiliana ili iweze kurefuka na kufupika gari likipita kwenye mashimo. Ukiichomoa pale bila kuweka alama, inakubali kurudi kwenye jino lolote, na haitakuambia kwamba umekosea. Ikirudi jino baya, zile krosi mbili badala ya kufutana zinapigana. Kwa pikapu yenye difu ya 4.1 (propela huzunguka mara 4.1 gurudumu likizunguka mara moja) na matairi ya kawaida, mwendo wa kilomita 60 kwa saa propela inazunguka kama mara 30 kila sekunde. Zidisha mara mbili, krosi yako inapokea mitikiso 60 kwa sekunde, kutoka Kasulu hadi Kigoma. Hata ile orijino kabisa isingemaliza msimu.

Kupima ni rahisi na hakuhitaji chombo. Laza propela kwenye sakafu ya saruji, piga magoti kwenye ncha moja, funga jicho moja utazame hadi ncha ya pili. Masikio ya yoki ya mbele na ya nyuma yanatakiwa kulala pamoja. Ukiona haya yamelala na yale yamesimama au yameinama, umempata mwizi wako. Halafu chukua brashi ya waya usugue tope na kutu pale kwenye spleni, upande huu na ule. Propela nyingi zina mishale midogo iliyogongwa na kiwanda, na hiyo lazima ielekeane. Kama yako ni ya vipande viwili yenye senta beringi katikati, usitegemee jicho peke yake, fuata mishale, kwa sababu kipande cha mbele kinaweza kuwa kimepangwa tofauti kwa makusudi. Ukisharidhika, piga alama zako mwenyewe kwa sentapanchi au rangi nyeupe: kwenye spleni, na kwenye flenji ya propela (ile sahani ya bolti) pamoja na flenji ya difu. Siku nyingine fundi yeyote akiifungua, alama zipo.

Kwa kuwa imeburuta lami, pima pia kama bomba limepinda. Ipandishe kwenye gari na krosi nzima, inua ekseli ya nyuma iwe juu ya stendi, weka gia huru, shikilia kipande cha chaki karibu sana na bomba bila kuligusa, mwenzako aizungushe kwa mkono. Chaki ikichora duara zima, au ikikosa kugusa kote, bomba ni zima. Ikichora upande mmoja tu, limepinda, na likipinda zaidi ya milimita moja hivi, hapo ndipo nitakubali neno la propela nyingine. Usikubali linyooshwe kwa nyundo. Angalia na vile vibati vidogo vilivyochomelewa kwenye bomba. Hivyo ni uzani wa kubalansi. Kama kimojawapo kimeng'oka lamini, utakuta sehemu safi inayong'aa.

Kitu cha mwisho kwako, na nakisisitiza: kagua matundu ya masikio ambamo vikombe vya krosi, vile vinavyovalishwa miguu yake, vinakaa. Krosi ikifa huku gari linatembea, kikombe kinazunguka ndani ya tundu na kulipanua. Sukuma kikombe kipya kwa kidole gumba. Kikiingia kwa kidole bila kugongwa, lile sikio limekwisha. Nimeona watu wanaweka kibati cha kopo kujaza nafasi, wengine wanachomelea kisha wanapiga tupa. Usikubali. Badilisha flenji au yoki ile peke yake, ambayo kwa mtumba inapatikana, na itakugharimu chini ya propela nzima.

Siku ya kufunga krosi, simama pale uangalie. Kila kikombe kina sindano ndogo zilizopangwa ukutani, zinashikwa na grisi tu. Moja ikianguka na kulala chini ya kikombe, kikombe hakiingii hadi mwisho na saklipu, ile pete ndogo inayokizuia kisitoke, haikai kwenye mfereji wake. Fundi mwenye haraka anaongeza nyundo mpaka iingie, na hapo krosi imeshauawa kabla haijatembea hata mita moja. Fundi mzuri akiona kimegoma anatoa kikombe, anapanga sindano upya. Anatumia vaisi na soketi mbili kusukumia, hapigi yoki juu ya meza. Akimaliza, ishike krosi kwa mkono uipindishe pande zote. Iwe laini, isiwe na mahali inapokwama wala inapocheza.

Ukiitoa ile iliyokufa, usiitupe kabla hujaitazama. Futa mguu mmoja wa krosi kwa kitambaa, upitishe ukucha kuuzunguka. Utasikia vifereji vyembamba vilivyojipanga sambamba, kila kimoja kimechimbwa na sindano yake, na ndani ya kikombe utakuta unga mkavu mwekundu. Unga huo ni kutu, maana yake grisi iliisha au maji yaliingia. 

*Habari za kazi fundi. Nafanya biashara ya chumvi kutoka Uvinza, nina pikapu ya tani moja. Fundi wa springi aliniongezea majani mawili kila upande ili nyuma isilale. Sasa ikiwa na mzigo imetulia kabisa, ikiwa tupu inalia "kwi, kwi, kwi" mwendo wa polepole, na nikiondoka kwenye kituo inatetemeka chini ya miguu yangu. Majirani wanasema difu inataka kufa. Nina hofu ya gharama.*
Msomaji, Uvinza

Dada yangu, shusha pumzi. Difu inayokufa mara nyingi huvuma kama upepo, umebeba au hujabeba. Mlio wa "kwi, kwi" unaofuata mzunguko wa propela, unaoongeza kasi gari likiongeza kasi, mara nyingi ni krosi kavu. Na kutetemeka wakati wa kuondoka tu, kisha kunaisha, mara nyingi ni pembe ya propela au mpira wa senta beringi.

Yale majani mawili yameinua mwili wa gari juu ya ekseli. Ukiwa na magunia ya chumvi, springi zinalala na propela inarudi karibu na mstari wake wa kiwandani. Ukiwa mtupu, gia boksi iko juu kuliko ilivyokusudiwa, propela inateremka kwa pembe kali, na krosi inafanya kazi imepinda muda wote. Ndiyo maana unaona ajabu ya gari linalofurahia mzigo.

Ushauri wangu ni upunguze jani moja kila upande. Gari la tani moja libebe tani moja. Najua maneno haya hayapendezi mfanyabiashara, lakini kila gunia la ziada linalipiwa na krosi, na breki, na matairi ya nyuma. Kama huwezi kupunguza, mwambie fundi wa springi akuwekee kabari za chuma kati ya springi na ekseli, ili pua ya difu iinuke au ishuke mpaka pembe ya krosi ya nyuma ilingane na ya mbele. Zipo za chuma kigumu. Usikubali kabari ya mbao hata kwa siku moja. Yu-bolti zikazwe, na zikazwe tena baada ya kutembea na mzigo mara ya kwanza, kwa sababu huwa zinalegea.

Senta beringi ikague hivi: injini imezimwa, magurudumu yamezuiwa, shika propela pale katikati uisukume juu na chini. Mpira ukubali kidogo na kurudi. Ukiona umechanika, au bomba linadondoka na kubaki hapo, badilisha.

Na kwa sababu mzigo wako ni chumvi, kuna jambo linakuhusu wewe kuliko wauza mahindi. Chumvi inayovuja kwenye gunia ikipata unyevu inakula chuma. Osha chini ya gari kwa maji mengi yasiyo na chumvi kila ukishusha mzigo mkubwa. Usielekeze bomba la presha moja kwa moja kwenye krosi, maana litasukuma maji ndani. Ukishaosha, tia grisi. Pampu kwenye nipo, kile kichuchu cha kutilia grisi, mpaka grisi kuukuu, nyeusi au nyekundu, itoke na kufuatwa na mpya kwenye vikombe vyote vinne. Ikitoka vitatu na kimoja kikagoma, hicho ndicho kitakachokufa. Kila kilomita 5,000 inatosha kwa gari la kawaida. Kwako fanya mapema zaidi, na masika fanya kila ukivuka maji. Kama krosi zako hazina nipo, ni zile za kufungwa moja kwa moja. Siku ya kubadilisha omba zenye nipo.

*Fundi, niko Manyovu na pikapu ya foro wili. Krosi ya nyuma ikinifia porini naweza kufika nyumbani, au nilale hapohapo?*
Msomaji, Manyovu

Kama ni foro wili ya kuchomeka, yaani unayoiingiza mwenyewe unapoihitaji, unaweza. Lakini kwanza, kwa milima ya kwenu, kumbuka hili kabla hujagusa spana: ukifungua propela, gia haishikilii tena magurudumu ya nyuma. Gari ulilolitegemea kwenye gia litaondoka, na wewe uko chini yake. Lisogeze mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu, ndipo uingie.

Weka alama kwenye flenji, fungua bolti nne za difu, kisha za mbele, toa propela yote uitupie nyuma. Usiifunge kwa waya ikining'inia. Kabla hujaitoa hakikisha kwamba mbele imefungwa kwa bolti. Kama inaingia moja kwa moja ndani ya boksi, ukiichomoa oili itamwagika, kwa hiyo ziba tundu kwa mfuko mzito na mpira wa tyubu, na gari hilo likokotwe tu, lisiendeshwe. Ikiwa ni ya bolti, ingiza foro wili ya juu, na kama magurudumu ya mbele yana habu za kufunga kwa mkono, zizungushe zote mbili hadi kwenye neno LOCK. Sasa gari linavutwa na mbele peke yake. Ondoka taratibu kwa klachi, usikate kona kwa nguvu, na shusha mzigo kama kuna mlima mkali njiani, kwa sababu nyuma ikiwa nzito mbele inapoteza mshiko na magurudumu yatazunguka bure.

Gereji ya kwanza unayoifikia, simama hapo. Bolti zile nne za difu usizirudishe kama meno yake yamelika. Nunua mpya zenye nguvu ileile, namba iliyogongwa kichwani ilingane na ya zamani.