Wakala aliandika sijaolewa, sasa mume anataka niombe grini kadi nikiwa hapa hapa

*Shikamoo shangazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mzaliwa wa Likoni, Mombasa. Mwaka 2023 niliolewa kwa Kadhi na mwanamume anayeishi Columbus, Ohio, anaendesha trela. Nilikuwa tayari nina mtoto, sasa ana miaka 9, yuko kwa mamangu. Mwaka uliofuata nilipata viza ya matembezi (wakala mmoja pale mjini ndiye alinijazia fomu, akaandika sijaolewa, akasema wote hufanya hivyo) na sasa nina miezi 3 na nusu hapa kwa mume wangu. Nilikuja kutembea kweli, hata tiketi ya kurudi ninayo. Lakini mume amegeuza maneno. Anasema kurudi ni ujinga, tujaze makaratasi ya grini kadi nikiwa hapa hapa. Rafiki zake wanasema siku 90 zimeshapita, kwa hiyo niko salama. Wifi yangu ana saluni ya kusuka, anataka nianze kazi wiki ijayo. Nikimuuliza mume kama yeye ni raia au ana grini kadi tu, anakuwa mkali: "Makaratasi ninayo, kwani huniamini?" Mamangu ana sukari, na juzi alilazwa. Viza yangu inaisha 2029, kwa hiyo muda ninao, ila moyo hautulii. Nibaki au nirudi? – Moyo Mzito, Columbus*

Marahaba, mwanangu, na mpe mama pole zangu.

Umeniuliza habari za mume, za wifi, za mama na za tarehe, na zote nitazijibu. Lakini lililonishtua zaidi umelipitisha ndani ya mabano, mbio mbio: wakala aliandika hujaolewa. Tutalifikia.

Nianze na la kukutoa hofu. Mtu kuja Marekani kwa viza ya matembezi, kisha akabadili nia na kuomba ukaazi akiwa ndani, hilo peke yake si kosa. Sheria inamruhusu mke wa raia wa Marekani, mradi aliingia kwa njia halali na akapokewa na ofisa mpakani, kuomba grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, bila kurudi kwao. Mume anajaza fomu I-130 kuonyesha kwamba ninyi ni mke na mume, mke anajaza I-485 ya kubadilishiwa hadhi, na zote mbili zinaweza kwenda pamoja USCIS, idara ya uraia na uhamiaji. Hata anayeshukiwa kwamba alikuja na nia ya kubaki tangu mwanzo, Bodi ya Rufaa za Uhamiaji iliamua mwaka 1980, katika kesi ya Cavazos, kwamba nia hiyo peke yake isiwe sababu ya kumnyima jamaa wa karibu wa raia. Kwa hiyo mumeo anaposema mtu huomba akiwa hapo hapo, hakuzua.

Nia basi husameheka. Uongo ni habari nyingine. Aliyepata viza kwa kudanganya juu ya jambo la msingi hufungiwa Marekani maisha yake yote, isipokuwa apewe msamaha maalumu. Na kuwa na mume Ohio ni jambo zito, kwa sababu ofisa wa ubalozi wa Marekani pale Gigiri, Nairobi, kazi yake ni kuamua kama utarudi nyumbani, na cha kwanza anachotaka kujua ni nani anakungoja huko uendako. Fomu ya viza, DS-160, inauliza hali yako ya ndoa, na inauliza tena kama una mume, mtoto au ndugu Marekani. Wakala aliibonyeza, lakini jina ni lako, vidole ni vyako na kiapo ni chako.

Sasa jione siku ya mahojiano. Mmekaa wewe na mumeo, mezani mmeweka picha za harusi na cheti cha Kadhi cha mwaka 2023. Ofisa ana kompyuta yake, na ndani yake imo fomu ya viza ya mwaka uliofuata inayosema hujaolewa. Tena kabla hamjafika mbele yake, I-485 yenyewe itakuwa imeshakuuliza kama umewahi kudanganya ili upate viza. Ukiandika hapana, umetia uongo wa pili juu ya wa kwanza, na safari hii huna wakala wa kumsingizia.

Msamaha upo, huombwa kwa fomu I-601. Lakini si wa kusema samahani ukasamehewa. Lazima ithibitishwe kwamba mumeo, akiwa raia au mkaazi halali, atapata taabu iliyopita kiasi ukinyimwa. Mzazi wako angehesabika pia kama angekuwa na hadhi hiyo. Mamako wa Likoni, pamoja na sukari yake, hahesabiki, na mtoto naye hahesabiki. Wako wanaoupata. Ila si kesi ya kujaziwa fomu sebuleni na rafiki za mume huku mechi inaendelea.

Hizo siku 90 wanazokuimbia zinatoka kwenye mwongozo wa maofisa wa viza wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Unasema mtu akifanya jambo lisilolingana na viza yake ndani ya siku 90 tangu aingie, wao watachukulia kwamba alidanganya. USCIS haifungwi nao. Wala hakuna mahali panaposema kwamba siku ya 91 uongo ulioandikwa Mombasa unafutika.

Na 2029, mwanangu, ni tarehe ya mwisho ya kubisha hodi. Muda wa kukaa ndani ni ule ulioandikwa kwenye I-94 yako, yaani kumbukumbu ya kuingia kwako, ambao kwa wageni wengi wa matembezi huwa miezi 6 tangu siku ya kuingia. Fungua leo tovuti ya CBP, wale wa mpakani, weka namba ya pasipoti uisome kwa macho yako. Ikiwa walikupa miezi 6, umebakiwa na miezi 2 na nusu. Ukipitisha zaidi ya siku 180 kisha ukaondoka, unafungiwa miaka 3. Ukipitisha mwaka au zaidi, miaka 10. Ni kweli mke wa raia aliyepitisha muda bado anaruhusiwa kuomba akiwa ndani, na watu wameitegemea ruhusa hiyo miaka na miaka. Lakini mwishoni mwa 2025, huko San Diego, kuna wake na waume wa raia waliopitisha muda ambao walikamatwa wakiwa wameitikia wito wa mahojiano hayo hayo ya grini kadi. Marekani waliyofikia rafiki za mumeo siyo hii ya sasa.

Tuje kwa mumeo. Ile ruhusa ya kuomba ukiwa ndani niliyokueleza ni ya mke wa raia. Kama yeye ana grini kadi tu, wewe uko kwenye foleni nyingine: unatakiwa ungoje zamu ya namba ya viza, na muda wote huo uwe ndani ya muda halali na usiwe umefanya kazi. I-94 ikiisha kabla hujaomba, njia ya kuombea ukiwa ndani kwa kawaida inafungika. Unaona basi kwamba swali lako halikuwa la kumvunjia heshima? Ndilo la kwanza watakalouliza USCIS. Kwenye I-130 atalazimika kuambatanisha cheti cha uraia, au pasipoti ya Marekani, au nakala ya grini kadi, na kwenye fomu ya udhamini aweke ritani zake za kodi. Mwanamume anayetaka kukutengenezea makaratasi atakufichaje karatasi?

Tena muulize aliyapataje. Kama ni kwa ndoa ya zamani, talaka ilitoka lini, na ilitoka mahakamani? Kwetu mwanamume anaweza kuwa na wake wawili, Kadhi akafungisha na mapilau yakaliwa. Marekani haimtambui mke wa pili. Siku ya nikaha yenu, kama kwa sheria ya kule alikuwa bado ana mke, ndoa yako ni halali Likoni lakini kwa USCIS haipo. Simtuhumu, sijui lolote juu yake. Naona tu kwamba anakuwa mkali palepale panapotakiwa jibu la neno moja. Zungumza naye akiwa ametoka safari na amepumzika, si kwa simu yuko barabarani, na usimuulize mbele ya dada yake.

Huyo dada yake naye mwambie utamsuka yeye bure, wateja hapana. Viza ya matembezi hairuhusu kazi hata ya kulipwa taslimu, hata kwa wifi. Kibali cha kazi huombwa kwa I-765 ukishatuma I-485, na huja kwa wakati wake. Na siku yoyote mwajiri yeyote akikupa fomu iitwayo I-9, ya kuthibitisha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi, uwe macho na kijisanduku cha kusema wewe ni raia wa Marekani. Wapo Wakenya wenzetu waliokitia alama ili wapate kazi ya ghala. Kujidai raia ni kosa ambalo hata ule msamaha wa I-601 hauligusi.

Sasa mama na mtoto, ambao kwenye barua yako wamepata mstari mmoja mmoja, na nadhani ndio wanaokunyima usingizi. Ukishatuma I-485 huwezi kutoka Marekani mpaka upewe kibali cha kusafiri, kinachoombwa kwa fomu I-131. Ukitoka bila hicho, ombi lako linahesabiwa kuwa umelitupa. Kibali hakitoki kwa wiki moja. Mama alilazwa juzi. Jiulize sasa hivi, ukiwa umetulia, utafanya nini simu ya pili ikija.

Na mtoto usidhani atafuata makaratasi yako. Mke wa raia haendi na mtoto kwenye ombi moja. Mtoto anatakiwa kuombewa I-130 yake mwenyewe. Mumeo anaweza kumwombea kama mtoto wa kambo, kwa kuwa mlioana kabla hajafikisha miaka 18. Je, amewahi hata kulitaja jambo hilo? Umeniandikia yote anayoyasema, na jina la mtoto sikulikuta mdomoni mwake.

Nibaki au nirudi, umeuliza. Usitie saini fomu yoyote mpaka wakili wa uhamiaji aisome ile fomu ya viza. Hilo sina mjadala nalo. Baada ya hapo, na hii ni kauli yangu mimi kama shangazi, naelekea upande wa kurudi kabla ya tarehe ya I-94, mume akiwa ameshatuma I-130 yako na ya mtoto na kulipa ada. Ile iliyowekwa Aprili 2024 ilikuwa dola 675 kwa kila ombi la karatasi, na hutalazimika kulipia I-485, ambayo kwa ada hizo hizo ilikuwa dola 1,440. Faili lako litapitia kituo cha kitaifa cha viza, mwisho uitwe Nairobi. Utangoja, mara nyingi zaidi ya mwaka, na neno "hujaolewa" litakungoja huko pia, ukahitaji msamaha ule ule. Lakini utangoja ukiwa na mwanao, na mama ukimpeleka kliniki mwenyewe. Mume anayekutaka atapanda ndege kuja kukuona, maana kama makaratasi anayo kweli, yeye hazuiwi na mtu.

Wakili anaweza kuona vingine. Anaweza kukwambia kuwa katika hali yako msamaha ni heri uombwe ukiwa ndani, mkiwa pamoja. Akikupa sababu zake, mfuate yeye uniache mimi. Ila awe wakili mwenye leseni, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani. Orodha yao iko kwenye tovuti ya wizara, jimbo kwa jimbo, na wengi wako kwenye mashirika ya dini na ya kuhudumia wakimbizi ambayo ada zao si za kuumiza. Kikao cha kwanza nenda peke yako. Mkiingia wawili, mume ndiye atakayejibu maswali, na yako mambo ambayo wewe ndiwe unatakiwa uyaseme kwa kinywa chako.

Huyo wakili hatakuwa na la kusoma bila fomu, kwa hiyo mpigie wakala wa Mombasa kwanza. Mwombe nakala nzima ya DS-160, na ukurasa wa uthibitisho wenye namba inayoanza na AA. Mwombe pia jibu la swali la siri aliloweka alipofungua fomu, maana bila hilo huenda usiweze kuifungua mwenyewe. Ongea naye kwa upole. Ugomvi wenu uweke mpaka nakala ziwe kwenye simu yako. Na akikwambia mpe elfu kadhaa akurekebishie lile neno, kata simu. Fomu iliyokwisha kukupa viza hairekebishwi na wakala.