Muulize Fundi: Betri inasingiziwa mengi

Laptopu yangu ya mtumba inaonyesha asilimia 40, lakini umeme ukikatika inazima palepale. Nimeambiwa nipige Windows upya. Ni kweli? (Mwanafunzi, Mbagala)

Acha Windows kwanza. Hiyo asilimia ni makadirio tu. Betri iliyochoka volti zake huporomoka ghafla mashine inapovuta umeme mwingi, ndiyo maana inazima bila hata kukuonya. Hakikisha mwenyewe, bure: kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows tafuta cmd (dirisha jeusi la kuandikia amri), ifungue, andika powercfg /batteryreport, kisha bonyeza Enter. Utaonyeshwa faili ilipohifadhiwa. Ndani yake tazama namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake sasa ikijaa. Kama ilitoka na 48,000 na leo inashika 17,000, hiyo imebaki theluthi na ushee. Nunua nyingine.

Ukifika Kariakoo usitoe hela mpaka betri ifungwe kwenye mashine yako, chaja ichomolewe, ufungue video na uiache icheze kama robo saa. Muuzaji atakunja uso. Mwache akunje. Na asikwambie boksi halijafunguliwa: betri ya lithiamu huzeeka hata ikikaa rafuni, na joto letu hili linaiharakisha.

Shikamoo fundi. Chaja nimechomeka, mashine inawaka, ila haichaji. Nimebadilisha betri, bado vilevile. (Sinza)

Marahaba. Pole kwa hela ya betri. Ungeanza na chaja. Igeuze usome maandishi yake. Mashine inayotaka volti 19.5 na ampea 4.62, yaani wati 90, ukiipa chaja ya wati 65 inaweza kuwaka na bado ikagoma kuchaji. Kwa Dell na HP nyingi za zamani, zile za mdomo wa duara, tazama pia pini nyembamba ya katikati. Hiyo ndiyo inayoitambulisha chaja kwa mashine. Ikipinda, au waya wake ukikatika ndani, mashine itawaka lakini betri haitaguswa. Azima chaja halisi ya mwenye mashine kama yako ujaribu. Volti zilingane, ampea zikizidi si neno, mashine huvuta inachohitaji tu.

Sehemu ya kuchezesha mshale imeinuka na haibonyezeki. Nibandike gundi? (Mama wa stationari, Tabata)

Hapana, mama! Hiyo ni betri imevimba chini yake. Zima leo hii, chomoa chaja, usiikandamize kifuniko kirudi. Kuna vijana huitoboa eti itoe hewa. Hewa hiyo inawaka, na moto wa lithiamu hauna masihara. Fundi aitoe taratibu, isitupwe jalalani. Mashine nyingi za zamani zitaendelea kufanya kazi kwa chaja peke yake, kwa hiyo kazi za wateja hazitalala.

Kila nikiwasha, saa inarudi miaka ya nyuma. (Kigamboni)

Ni kibetri kinachotunza saa kwenye ubao mama (motherboard, ubao mkuu wa ndani ya mashine), mara nyingi CR2032 cha volti 3, kama kidonge. Bei ndogo, badilisha.

Naweza kuiacha kwenye chaja kutwa nzima? (Ubungo)

Unaweza, ila kama mashine yako ina mpangilio wa kuishia asilimia 80, uwashe. Betri kukaa imejaa huku ina joto kunaichosha. Kinachonitisha zaidi ni umeme unaporudi. Ukikatika, chomoa chaja ukutani, subiri dakika chache baada ya taa kuwaka ndipo uchomeke.