Kabla hujauza cherehani ya mama ukajitolee Sri Lanka

Assalaam alaykum. Mleta uzi kapata nafasi ya kwenda Sri Lanka miezi mitatu kujitolea na kundi la Wabuddha, na ili apate nauli anataka kuuza cherehani ya mama yake. Anauliza wenzetu hao wanaitazamaje kazi ya namna hii. Upande wa dini yetu kamuulize sheikhe wako. Mimi nitasema niliyoyaona.

Nimesomesha Jambiani, kijiji cha pwani ya Unguja, miaka sita. Kila kipupwe tulikuwa tunaletewa vijana wa kujitolea kutoka nje. Kundi moja lilipaka buluu ukuta ambao kundi jengine lilishaupaka mwaka uliotangulia, na huku bomba la tangi linavuja, watoto wanabeba maji kwa madumu. Hakuna aliyeuliza. Na sisi tukanyamaza, mgeni haambiwi.

Halafu akaja mzee mmoja wa Sri Lanka, Mbuddha, fundi bomba mstaafu. Wiki ya kwanza hakushika kitu. Anakaa barazani, anakunywa chai, anauliza. Maji yalipokupwa akafuatana na mama yangu kwenye shamba la mwani. Kamba alizofunga mzee zikafunguka zote, mwani ukaelea, mama akacheka mpaka akakaa majini. Walipotoka, mzee akaunganisha viganja kifuani, akainama, akamshukuru mama! Bomba lilitengenezwa wiki ya tatu: spana kashika mlinzi wa skuli, yeye anaelekeza tu.

Nikamwambia, unashukuru nini, si wewe ndiye uliyekuja kusaidia? Akanijibu kwamba kutoa kwao kunaitwa dana, na ni dawa ya uchoyo wa mtoaji mwenyewe. Anayepokea ndiye anayekupa nafasi ya kujitibu. Watu wa Tzu Chi, shirika la Kibuddha lililoanzishwa Taiwan mwaka 1966, nao hujilipia nauli wenyewe, na wakikabidhi msaada huinama.

Kisa alichokipenda zaidi yule mzee ni cha mtawa aliyeugua kuhara, kalala kwenye uchafu wake, wenzake hawamjali. Buddha alipomkuta alianza kwa kumuuliza: una nini? Nani anakuuguza? Ndipo yeye na mwanafunzi wake Ananda wakamwosha na kumlaza kitandani. Kisha akawaambia watawa kuwa anayetaka kumuuguza yeye, amuuguze mgonjwa. Mie ninachokiona hapo ni kwamba mgonjwa alikuwa nyumba moja nao, si ng'ambo.

Sri Lanka kwenyewe kuna Sarvodaya, iliyoanzishwa 1958 na mwalimu A. T. Ariyaratne kwa kuwapeleka wanafunzi wake kijijini. Kazi yao wanaiita shramadana, yaani zawadi ya jasho, na wanakijiji hushika jembe pamoja na wageni. Ujima huo, tunaujua. (Si Wabuddha wote wako hivi, lakini. Wa kupiga picha na watoto wapo kila dini.)

Sasa cherehani. Mzee alinitajia mambo matano ya zawadi ya mtu mwema: itolewe kwa imani, kwa heshima, kwa wakati wake, kwa moyo mkunjufu, na bila ya kujidhuru wala kumdhuru mwengine. Hilo la tano ndilo lako, mdogo wangu. Mama anashona sare za skuli kwa cherehani hiyo, umeandika mwenyewe. Waulize wenyeji wako kama watachangia nauli, au jichangie yako mpaka mwakani. Na uwaulize pia kazi gani hasa wanataka ukafanye, maana hujaitaja.